Mpatane Kwanza, Ndipo Mpande

Kwa watoto wa Voi wa rika langu, mlima ulikuwa mahali vitu vinapotoka. Kabichi, ndizi, maparachichi na taarifa za misiba vilishuka kwa matatu za asubuhi. Sisi tulipanda Desemba, au kukiwa na maziko. Mji wetu uko nyikani, kwenye vumbi jekundu, umepakana na mbuga ya Tsavo. Ukiinua macho upande wa magharibi unaiona Dawida, mlima wetu wa Taita, imejifunika mawingu, na Vuria, kilele chake kirefu kuliko vyote, kinafika mita 2,208. Nilipokuwa mwalimu wa jiografia niliwachorea wanafunzi jambo hilo ubaoni mara nyingi: upepo wenye unyevu unatoka Bahari ya Hindi, unavuka nyika bila kizuizi, unagonga mlima, unapanda, unapoa, unaangusha mvua na ukungu. Ndiyo maana watu wa Werugha, huko juu mlimani, wanavuna sukuma wiki huku sisi wa Voi tukinunua maji kwa mitungi.

Maelezo hayo ni sahihi, na mitihani iliyahitaji. Lakini mlima una mambo mengine ambayo ramani ya mvua haiyafikii, na aliyenifanya niyatafute alikuwa mgeni.

Shuleni tulipata kijana Mjapani aliyekuja kujitolea kufundisha hisabati. Jioni moja tukinywa chai alinisimulia mlima wa kwao uitwao Miwa, katika mkoa wa Nara. Chini yake lipo hekalu la Shinto la Omiwa, mojawapo ya makongwe kabisa ya Japani. Mahekalu mengi ya dini hiyo yana chumba cha ndani ambamo kitu kitakatifu huhifadhiwa. Omiwa haina chumba hicho, kwa kuwa kitakatifu ni mlima wenyewe, na waumini husali wakiuelekea. Kwa karne nyingi watu wa kawaida hawakuruhusiwa kuupanda. Siku hizi wanaruhusiwa kwa masharti: mtu ajiandikishe, avae mshipi mweupe wa kumtambulisha, asipige picha, asile kitu akiwa huko juu, ashuke kabla ya saa iliyowekwa. Nikamwuliza kimo chake. Akasema mita 467. Nikacheka, kwa sababu pale tulipokuwa tumekaa, kwenye tambarare ya Voi, tulikuwa juu zaidi ya kilele cha mlima wao mtakatifu.

Yeye hakucheka. Alinyoosha kidole dirishani kuelekea Dawida, akauliza, "Na ule wa kwenu una masharti gani?"

Likizo ya Agosti nikapanda kwenda kumwuliza mtu aliyejua jibu. Kutoka Voi unapita mashamba ya mkonge hadi Mwatate, kisha barabara inaanza kujikunja, kona baada ya kona, mpaka Wundanyi. Hapo unabadilisha gari. Kufika Werugha madirisha yote yamefungwa na abiria wamevaa sweta, ilhali asubuhi hiyohiyo ulitoka nyumbani ukijipepea kwa gazeti. Kando ya barabara vijana walikuwa wanashindilia kabichi kwenye magunia ya kupelekwa Mombasa, soko la Kongowea. Mashamba ya Werugha ni madogo, yamekatwa matuta hadi kwenye miteremko ambayo mtu wa nyika angeona haya kuiita shamba, na mabondeni maji yanapita kwenye mifereji ya kumwagilia mboga.

Baba mkubwa wangu alikuwa anaishi huko. Alikuwa mkulima, mzee wa kanisa la Kianglikana, na katika ukoo wetu ndiye pekee aliyebaki akijua njia ya kwenda ngomenyi. Ngomenyi ni mahali, kwa kawaida chini ya mwamba ulioinama au kwenye kijipango, ambapo kila ukoo wa Wadawida uliweka mafuvu ya wazee wake, wanaume kwa wanawake. Mtu alipokufa alizikwa kwanza. Muda ulipopita na mwili ukaisha, kaburi lilifunguliwa, fuvu likatolewa na kupelekwa kwa wenzake waliotangulia. Kuanzia hapo marehemu alikuwa na anwani. Wazao wake walijua pa kumkuta wakiwa na neno.

Nilimkuta barazani anachambua maharagwe. Baada ya salamu na habari za Voi nikamwambia nilichokifuata. Hakushangaa wala hakuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Unasalimiana na mtoto wa baba yako mdogo?" akaniuliza.

Nikanyamaza. Alijua kwamba hatusalimiani. Baba yangu alipofariki, mpaka kati ya shamba letu na la binamu yangu uliingia maneno. Ardhi ilikuwa imepimwa zamani na hati zipo, lakini hati haisemi chemchemi iliyo mpakani ni ya nani, wala haimzuii mtu kupanda mikaratusi karibu nayo. Binamu alipanda. Miti ikakua, maji yakapungua. Tuliambiana maneno mazito mbele za watu, tena kwenye matanga. Tangu siku hiyo tulizungumza kwa kupitia wake zetu.

"Basi huko huendi," akasema baba mkubwa. "Wale hawapokei mtu mwenye hasira ya ndugu yake. Nenda kwake leo. Mkirudi wawili, kesho tutakwenda watatu. Ukirudi peke yako, kuna gari la jioni la Wundanyi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa masharti ya aina nyingine: kuvua viatu, kuleta mbuzi, kulipa kitu. Hayo ningeyatimiza bila taabu. Hili lilinikera, na njia nzima ya kuteremka kwa binamu nilikuwa napanga hoja zangu.

Nilimkuta kabichini, pampu ya dawa mgongoni. Aliendelea kupiga dawa mpaka mwisho wa tuta, ndipo akaitua pampu na kunikaribisha jikoni. Shemeji alituwekea kimanga na chai, akatoka na watoto, akavuta mlango. Tulisemana kwa muda mrefu, na sehemu kubwa haikuwa mazungumzo ya kupendeza. Nilimweleza habari za mikaratusi na maji, jinsi mizizi yake inavyonyonya. Aliniacha nimalize somo, kisha akasema, "Wewe una mshahara kila mwisho wa mwezi. Mimi nina miti. Mwanangu akiitwa chuo, nitauza nini? Mawingu?"

Nilikuwa nimeihesabu ile miti mara nyingi kwa macho, lakini sikuwa nimewahi kuisikia ikitajwa kama karo. Naye, nadhani, hakuwa amewahi kusikia kwamba shangazi yetu aliyezeeka alikuwa ameanza kuteka maji bonde la pili. Jioni tulikubaliana jambo dogo: safu iliyo karibu kabisa na chemchemi ikatwe, gharama nisaidie mimi. Safu nyingine zingojee mpaka nguzo zikomae, mtoto asome. Hatukukumbatiana. Tulipanda pamoja hadi kwa baba mkubwa, ambaye alitutazama usoni mmoja baada ya mwingine kwa muda mrefu, akasema chakula kiko tayari.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata miti ya ua haikuonekana. Simu ziliachwa nyumbani kwa amri yake. Alibeba kibuyu cha maji na upanga wa kufyekea njia. Tulipita kando ya mashamba, tukavuka kijito, kisha akasimama mbele ya kichaka cha msitu mnene kilichobaki katikati ya viunga vya watu. Miti yake ilikuwa mikubwa, imeota kuvu na nyasi za ukungu, na chini yake giza. Pembeni pande zote palikuwa na mahindi.

"Hii ni fighi," akasema. "Hapa tunapita tu."

Fighi ndiyo ngao ya mtaa. Kila eneo la Dawida lilikuwa na zake, misitu midogo iliyowekewa dawa na wazee ili kuzuia maadui, maradhi na njaa visiingie. Walioruhusiwa ndani ni wale tu waliopitishwa kwenye daraja la wazee hao na kulipia. Mwingine akiingia, au akikata hata kijiti, iliaminika ataugua. Nilimwuliza baba mkubwa kama yeye ameingia. Akatikisa kichwa. Baba yake aliingia, yeye hakupitishwa. Alikuwa ameishi zaidi ya miaka sabini jirani na msitu ule, amelima hadi ukingoni mwake, na hakujua mti gani umesimama katikati. Alilisema hilo bila uchungu wowote. Nilizoea kuona watu wakijivunia mahali walikofika, na yeye alikuwa anajivunia mahali ambapo hakufika.

Ngomenyi ya ukoo wetu sitaieleza ilipo. Nitasema tu kwamba tulipanda kidogo, njia ikaisha, tukaendelea. Mafuvu yamepangwa chini ya mwamba, mengine yameshika rangi ya jiwe lenyewe, mengine meupe zaidi. Mahali pengine mstari ulikuwa na nafasi. Baba mkubwa alituonyesha pa kusimama. Akachukua maji kinywani, akayapuliza kwa mbele yakatawanyika, akaanza kusema kwa Kidawida. Aliwataja waliopo kwa majina, wengi nikiyasikia mara ya kwanza. Akawaambia sisi ni watoto wa nani. Kisha, kwa mshangao wangu, akawasimulia ugomvi wetu wote: mpaka, chemchemi, matanga, hata yale maneno tuliyotukanana. Akasema jambo hilo limekwisha, na kama limebaki lolote tumboni mwa mmoja wetu, litoke kama yanavyotoka maji haya. Akapuliza tena. Akatupa kibuyu nasi tufanye vivyo hivyo. Binamu alitangulia.

Kitendo hicho ni kutasa, na kabla ya kanisa ndicho kilichokuwa moyo wa dini ya Wadawida. Zamani kilifanywa pia kwa pombe ya miwa. Mwanaanthropolojia Mmarekani, Grace Harris, aliyeishi Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, alikiandikia kitabu kizima, Casting Out Anger, kilichochapishwa mwaka 1978. Alieleza kwamba kwa Wadawida hasira iliyofichwa moyoni haikuhesabiwa kuwa siri ya mwenyewe. Inaweza kumdhuru mtoto, ng'ombe, hata mvua, na inaweza kufanya hivyo bila mwenye nayo kujua kwamba anayo. Dawa yake ni kuisema na kuitema mbele za watu. Nilikisoma kitabu hicho baadaye, na sura nzima za ufafanuzi wake zilinirudisha kwenye swali moja la mzee aliyekuwa akichambua maharagwe.

Tangu hapo nimefikiri sana kuhusu namna mbili za kutembelea mahali patakatifu. Mtalii anapanga masharti yake: barabara iwe nzuri, mwongozo awe na maelezo, picha zitoke safi, fedha yake ithaminiwe. Mahali ndipo panapopimwa. Baba mkubwa aligeuza mizani. Kipimo kilikuwa mimi, na nilipimwa kwa hali ya jirani zangu, si kwa ujuzi wangu wala kwa heshima niliyokuwa tayari kuionyesha nikifika. Unyenyekevu wa saa moja mbele ya mwamba ni rahisi. Kumfuata binamu kwenye tuta la kabichi ndiyo safari.

Wapo watakaoniuliza mzee wa kanisa alifanya nini mbele ya mafuvu. Nilimwuliza mimi mwenyewe tulipokuwa tunashuka. Wamisionari wa Kianglikana walianza kazi Sagalla mwaka 1883, J. A. Wray akiwa wa kwanza, na mwaka 1892 Wakatoliki wakajenga misheni Bura. Kadiri karne ya ishirini ilivyosonga, desturi ya kufukua mafuvu ikakoma na wafu wakaachwa makaburini mwao. Baba mkubwa alibatizwa akiwa mchanga na alikuwa anajua nyimbo za kanisani kwa namba. Alinijibu hivi: "Mungu namwomba Jumapili, na siku nyingine pia. Hawa ni wazee wangu tu. Ukimpita mzee wako njiani bila kumwamkia, umekuwa Mkristo zaidi?" Sina hakika kwamba padri wake angekubali. Najua kwamba ibada aliyoiongoza asubuhi ile ilitaka kitu ambacho Injili pia inakitaka: anayepeleka sadaka aiache kwanza, aende akapatane na ndugu yake.

Zile nafasi kwenye mstari ziliniuma zaidi baadaye kuliko siku ile. Nilipoziuliza, baba mkubwa alisema tu, "Wengine walichukuliwa," akaendelea kufyeka. Ya kwetu sina ushahidi wa kuyafuatilia. Lakini kwa Taita kwa jumla habari imeandikwa. Mwaka 1931 jarida la kisayansi la Biometrika lilichapisha utafiti wa Elisabeth Kitson juu ya mafuvu kutoka Kenya, yakiwemo ya Wataita. Mafuvu hayo yamekaa Uingereza, kwenye mkusanyiko wa Duckworth wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Miaka mingi baadaye W. W. Howells wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alipozunguka akipima mafuvu ya binadamu wa sehemu mbalimbali za dunia, zaidi ya 2,500 kwa jumla, aliyafikia na hayo. Katika orodha yake wamo Wataita 83, wanaume 33 na wanawake 50, chini ya jina Teita. Vipimo hivyo vimewekwa wazi kwa yeyote kuvipakua, na vimeingia katika programu za kompyuta ambazo wataalamu hutumia kukadiria asili ya mifupa iliyookotwa.

Huenda kipimo cha babu ya mtu wa Werugha kimesaidia kumtambua marehemu asiyejulikana kwenye nchi ambayo babu huyo hakuwahi kuisikia. Silidharau jambo hilo. Ila watu hao 83 wana namba na hawana majina, ilhali pale mwambani kila mmoja alikuwa na jina lililotajwa kwa sauti, na aliyetaka kumkaribia ilibidi aeleze yeye ni mtoto wa nani na amegombana na nani. Waliowachukua hawakupitia swali hilo. Kama siku moja mazungumzo ya kuwarudisha yataanza kwa dhati, nadhani ukoo utakaowapokea utakuwa na kazi ngumu kuliko nauli ya sanduku. Utatakiwa uwe umepatana.

Niliporudi Voi, Mjapani wetu alitaka kujua. Nilimweleza masharti, sikumweleza mahali. Alifurahi kuliko nilivyotarajia. Akaniambia kwamba kaskazini mwa nchi yao kuna milima mitatu ya hija, Dewa Sanzan, na mmoja wao, Yudono, una patakatifu ambapo mahujaji huingia bila viatu, na desturi inawakataza kuwasimulia wengine walichokiona. Pia alinipa jina la mtu ambaye nimeendelea kumsoma kila nipatapo nafasi: Minakata Kumagusu. Huyu alikuwa mtaalamu wa mimea na viumbe vidogo, aliyezaliwa mwaka 1867 na kuishi miaka kadhaa London. Mwaka 1906 serikali ya Japani iliamua kuunganisha mahekalu madogo ya vijijini ili kupunguza gharama na kuleta utaratibu. Makumi ya maelfu yalifutwa. Hekalu likifutwa, msitu uliolizunguka ulikosa mwenyewe, na miti ya karne nyingi ikauzwa mbao. Minakata aliandika barua na makala bila kuchoka, akafikia hata kufungwa kwa kuvamia mkutano wa maofisa. Hoja yake ilikuwa kwamba ukivunja hekalu la kijiji unavunja kwa pamoja msitu, chemchemi, viumbe, na kile kinachowafanya wanakijiji wakutane. Mwaka 1920 sera hiyo ikaachwa.

Nikimsoma naiona Dawida. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki walilinganisha picha za angani na kukuta kwamba kati ya 1955 na 2004 nusu ya msitu wa asili wa milima ya Taita ilitoweka, wakati misonobari na mikaratusi ya kupandwa ikiongezeka. Kilichobaki ni vipande. Mbololo una hekta zipatazo 200. Ngangao, usio mbali na Werugha, una hekta zipatazo 120. Ndani ya vipande hivyo wamo ndege wadogo wasiopatikana popote pengine duniani, na wanasayansi huja kutoka mbali kuwahesabu. Kati ya vipande vikubwa zimetawanyika fighi, nyingine ndogo kuliko uwanja wa shule, bila ua wala askari wa msitu, zikiwa bado na miti ambayo kwingine ilikwisha kugeuka kuwa kuni.

Ni rahisi kusema kwamba wahenga walikuwa wahifadhi wa mazingira. Wengi wanasema hivyo kwenye semina. Mimi sidhani kwamba waliweka fighi ili ndege waishi. Waliiweka ili watu waishi, na miti ikafaidika. Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu inaonyesha kwa nini bango la kukataza ukataji miti linashindwa mahali ambapo hofu ya kuugua ilifaulu. Aliyeiogopa fighi alikuwa sehemu ya mtaa unaolindwa nayo. Akiidhuru alijidhuru yeye, mama yake na mbuzi wake. Bango halimwambii mtu kwamba ni mmoja wa wanaolindwa. Linamwambia faini ni kiasi gani.

Siku hizi kuna mazungumzo ya kuyafanya maeneo haya kuwa vivutio. Sheria inatoa nafasi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 63, inahesabu mahali pa ibada za jadi panaposimamiwa na jamii kuwa sehemu ya ardhi ya jamii. Jirani zetu Wamijikenda waliona misitu yao ya Kaya ikiingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, na heshima hiyo imewapa wazee sauti mbele ya wenye kunyemelea ardhi ya pwani. Taita wanauliza, kwa haki, kwa nini fighi na ngomenyi zisitambuliwe vivyo hivyo. Vijana wa Werugha wanahitaji kazi, na mwongozo wa wageni ni kazi ya heshima.

Naunga mkono ulinzi wa kisheria, na ningependa kuuona ukija kabla hati miliki hazijameza fighi ya mwisho. Lakini ningewasihi wanaopanga wasichukue tu mahali na kuyaacha masharti. Kipo cha kuonyesha wageni bila kuwapeleka mwambani: misitu, matuta, chakula, ngoma, masimulizi ya wazee wanaotaka kusimulia. Fighi ionekane kutoka njiani. Anayetaka kwenda ngomenyi awe na ukoo wa kumpeleka, na ukoo huo uwe na haki ya kumwuliza maswali, na haki ya kumwambia kuna gari la jioni. Wajapani wa Miwa wanapokea wageni kila siku na mlima wao haujapungua kitu kwa kukataza picha.

Mimi nimeondoka na kanuni moja ambayo naitumia mbali na mlima. Tukiwa na kikao cha ukoo, kabla ya kufungua ajenda, tunauliza nani hasalimiani na nani. Swali hilo hurefusha vikao. Mara nyingine hatufiki kwenye ajenda kabisa, na watu hurudi Mombasa au Nairobi wakilalamika kwamba wamepoteza wikendi. Lakini mambo tuliyoyaamua baada ya swali hilo yamesimama, ya mazishi, ya karo, ya ardhi, na yale tuliyoyaamua kwa haraka kwa kura ya mikono tumeyarudia tena na tena.

Baba mkubwa amekwisha fariki. Alizikwa uani kwake, kwa ibada ya kanisa, kama alivyotaka. Anayejua njia ya ngomenyi sasa ni binamu yangu, kwa kuwa yeye ndiye anayeishi mlimani, na ukoo ulimkubali bila mjadala. Mtoto wake alimaliza chuo, na mwezi uliopita binamu alinipigia simu kuhusu safu ya pili ya mikaratusi: nguzo zimepata mnunuzi, chemchemi inaweza kupewa nafasi zaidi. Alitaka tuelewane kuhusu gharama ya msumeno wa injini na miti ya kienyeji ya kupanda mahali pake. Nikamwambia tugawane nusu kwa nusu. Akasema yeye alifikiri robo tatu ziwe zangu, maana mshahara bado ninao. Jumamosi napanda Werugha tukalimalize hilo, kwanza jikoni kwake.